Kuichora Manowari kwa Mwangwi: Sona, Sakafu ya Bahari na Majina ya Barabara ya Ngong

Mhadhara wa hadhara uliotolewa katikati ya jiji la Nairobi



Manowari iliyozama haionekani kwa jicho wala kwa kamera mpaka mtafutaji awe ameifikia. Kinachoiona kwa mbali ni sauti. Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza jinsi sauti inavyochora meli iliyolala sakafuni mwa bahari, jinsi mchoro huo unavyosomwa, na ni nini kinachoufanya uwe jambo la Nairobi, jiji lililo karibu kilomita 500 kutoka baharini kwa barabara. Dai lake ni kwamba mchoro wa sona, kifaa cha kusikiliza mwangwi majini, ni ushahidi kamili, wenye uzito sawa na wa hati au shahidi, na kama ushahidi wowote hauna maana mpaka uhojiwe pamoja na mashahidi wengine. Hoja ni tano, na hazina uzito sawa.

1. Baharini wamelala watu wa huku bara

Kando ya Barabara ya Ngong, upande wa kuelekea Karen, yapo Makaburi ya Vita ya Nairobi. Wengi waliomo ukumbini hupita mbele ya lango lake kila siku ya kazi. Ndani yake umesimama Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wenye majina ya askari wa Vita Vikuu vya Pili ambao makaburi yao hayajulikani. Baadhi yao walifia Ethiopia, Somalia na Madagaska. Mamia wengine wako mahali pamoja, chini ya Bahari ya Hindi.

Hao waliondoka Mombasa tarehe 6 Februari 1944 ndani ya meli ya kubeba askari iitwayo Khedive Ismail, katika msafara wa KR 8 uliokuwa ukielekea Colombo. Ilikuwa meli ya abiria, iliyoundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikabadili wenyewe na kuwa ya Wamisri, kisha vita vikaichukua. Safari hiyo ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, wakienda kwenye vita vya Burma. Palikuwapo pia wauguzi wa kike na mabaharia wa Uingereza. Msafara ulilindwa na manowari tatu: Hawkins, Paladin na Petard.

Tarehe 12 Februari mchana, karibu na visiwa vya kusini vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliifyatulia Khedive Ismail topedo. Mbili zilipiga, na kwa muda wa kama dakika mbili meli ilikuwa imekwisha kuzama. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake 77. Walionusurika walikuwa 214.

Kilichofuata kinahusu moja kwa moja somo la leo. Petard na Paladin ziliisaka nyambizi kwa kifaa cha kusikiliza mwangwi, kile ambacho Waingereza wa wakati huo walikiita asdiki, mzazi wa sona ya sasa. Mwangwi ulionyesha kwamba nyambizi imejificha chini ya eneo lile lile walimokuwa wakielea manusura. Mabomu ya kina yalirushwa, na baadhi ya waliookoka topedo wakafa kwa mabomu ya walinzi wao. Baadaye nyambizi iliibuka, ikapigwa, na hatimaye topedo ya Petard ikaizamisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo katika pande hizo za bahari kuna meli mbili: iliyoua na iliyouawa. Ufundi uliotumika kuisaka ile ya kwanza ndio unaoweza leo kutumika kuitafuta ile ya pili.

2. Majini, sauti hufika ambako nuru haifiki

Maji humeza nuru upesi. Katika bahari safi kabisa, mwanga wa jua huwa umebaki hafifu sana kwenye kina cha mita 200, na chini ya mita 1,000 ni giza tupu. Katika mkondo wa Kilindini huko Mombasa, ambako mito na matope huchafua maji, mzamiaji huona mita chache tu mbele yake. Mawimbi ya redio nayo hufifia haraka, ndiyo maana rada haisaidii chini ya maji. Sauti ni kinyume chake: hewani hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, baharini karibu mita 1,500, na husafiri mbali sana kabla ya kuchoka.

Kanuni ya sona ni nyepesi. Kifaa hutoa mlio mfupi, kikasubiri mwangwi, kikapima muda. Mwangwi uliorudi baada ya sehemu mbili za kumi za sekunde umesafiri mita 300 kwenda na kurudi, kwa hiyo kilichoujibu kiko umbali wa mita 150. Ugumu hutokea kwa kuwa kasi ya sauti hubadilika kulingana na joto, chumvi na mgandamizo wa maji, na sauti inapovuka kutoka tabaka moja hadi jingine hujipinda. Mpimaji makini hushusha kwanza chombo cha kupima kasi hiyo kutoka juu hadi chini. Asiyefanya hivyo atachora meli mahali ambapo haipo.

Kwa kutafuta mabaki ya meli hutumika hasa sona ya pembeni. Kifaa chenye umbo la samaki huburutwa kwa kebo nyuma ya meli, mita chache au makumi ya mita juu ya sakafu, kikitoa milio kulia na kushoto. Kila mlio hurudisha mstari mmoja mwembamba wa mwangwi. Maelfu ya mistari ikipangwa mmoja baada ya mwingine hutoa picha. Meli huenda na kurudi kama jembe la ng'ombe shambani, kila mfuo ukiingia kidogo ndani ya mwenzake, kwa kuwa chini kabisa ya samaki huyo hubaki ukanda ambao hauonekani vizuri.

Anayepanga utafutaji hulazimika kuchagua. Sauti ya masafa ya chini, tuseme kilohezi 100 au chini yake, hufika mamia ya mita kila upande lakini picha yake ni ya jumla. Meli nzima hutokea kama doa. Sauti ya kilohezi 500 au 900 huonyesha mlingoti, mzinga, hata mnyororo wa nanga, ila kwa upana mdogo sana. Basi wataalamu hutafuta kwa masafa ya chini, wakipata doa hulirudia kwa masafa ya juu. Kuna pia sona ya miali mingi, inayofungwa chini ya meli na kupima kina cha nukta mamia kwa mkupuo. Hiyo hutoa ramani ya miinuko na mabonde. Siku hizi zote mbili hupakiwa ndani ya vyombo vidogo visivyo na mtu, vinavyozama vyenyewe na kukaa karibu na sakafu hata kwenye kina cha kilomita kadhaa, bila usumbufu wa kebo ndefu.

3. Kivuli husema kuliko mwanga

Hapa ndipo mgeni wa picha za sona hukosea zaidi, na inafaa kukaa hapa kidogo. Picha ya sona hufanana na picha ya kamera, lakini haina mwanga ndani yake. Sehemu nyeupe ni mahali palipojibu kwa nguvu: chuma, jiwe, tumbawe. Sehemu ya kijivu ni mchanga au tope linalomeza sauti. Na sehemu nyeusi iliyo nyuma ya kitu kilichoinuka ni mahali ambapo sauti haikufika kabisa, kwa kuwa kitu hicho kiliizuia.

Kivuli hicho ndicho chenye habari. Mwili wa meli ukitazamwa peke yake hurudisha fujo ya mwangwi, lakini kivuli chake huchora umbo la ubavuni: omo, tezi, dohani, mlingoti uliokatika. Kivuli hupimika pia. Samaki wa sona akiwa mita 20 juu ya sakafu, na kivuli cha urefu wa mita 30 kikaishia mita 120 kutoka kwa samaki, kitu kilichokitupa kina kimo cha 30 mara 20 gawanya kwa 120, yaani mita 5. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa pembetatu zinazofanana anaweza kuthibitisha hesabu hiyo kwenye daftari lake.

Jabali refu la tumbawe linaweza kujifanya meli kwa mtu mwenye hamu ya kuiona. Kwa hiyo msomaji mzuri wa picha huuliza maswali makavu. Je, urefu unalingana na hati? Khedive Ismail ilikuwa na urefu wa karibu mita 130. Doa la mita 60 si yenyewe, labda kama ni kipande chake. Je, kuna mistari iliyonyooka na pembe za mraba, vitu ambavyo asili huvitengeneza kwa nadra? Je, kuna mtawanyiko wa vipande kuelekea upande mmoja, kama inavyokuwa meli inapovunjika ikishuka? Kisha hupita tena kutoka upande mwingine, kwa sababu jabali na meli hutupa vivuli tofauti unapozizunguka. Kamera hushushwa mwishoni kabisa, kuthibitisha kile ambacho sauti imeshakisema.

4. Pwani hii ina manowari ambazo sauti ya kawaida haizioni

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia karibu na bandari ya Zanzibar na kuikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga, ikitengenezwa mitambo yake. Mizinga ya Pegasus haikufika mbali kama ya adui. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa, na meli ikazama. Königsberg, ikiwa na hitilafu ya mitambo, ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914 lakini manowari zao kubwa hazikuweza kupita kwenye maji mafupi. Ilibidi zije meli mbili zinazoweza kupita maji hayo, zenye mizinga mizito, Severn na Mersey, zikielekezwa na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Baada ya mapambano ya tarehe 6 na 11 Julai 1915, Wajerumani waliizamisha wenyewe.

Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa na kutumika nchi kavu, ikivutwa na kusukumwa na watu kwa mamia ya kilomita. Mmoja unaweza kuonekana Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Nairobi nayo ina kumbukumbu ya Vita Vikuu hivyo vya Kwanza: sanamu za askari na mchukuzi wa mizigo zilizoko Kenyatta Avenue, dakika chache kwa miguu kutoka ukumbini hapa.

Meli yenyewe ilikatwakatwa kwa ajili ya chuma chakavu katika miaka ya 1960, na kilichobaki kikazama ndani ya tope la mto. Sona ya pembeni ikipita hapo leo itaonyesha sakafu tambarare. Kwa hali kama hiyo hutumika sona ya tabaka, yenye sauti nzito ya kilohezi chache, inayopenya mashapo na kurudisha mwangwi kutoka ndani. Lakini tope la delta ya mikoko lina gesi inayotokana na majani yanayooza, na viputo vya gesi huizuia sauti kama ukuta. Hapo mtafiti huomba msaada wa kipima sumaku, kwa sababu chuma hupotosha nguvu ya sumaku ya dunia hata kikizikwa.

Mfano wa pili ni wa Mombasa, na ni wa kale zaidi. Santo António de Tanná, manowari ya Kireno yenye mizinga 42, iliundwa Bassein huko India mwaka 1681. Ilitumwa kuwasaidia Wareno waliozingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus, ikazama mbele ya ngome hiyo Oktoba 1697. Mwaka uliofuata ngome ikaanguka. Kuanzia 1977 hadi 1980 wanaakiolojia wa Taasisi ya Akiolojia ya Majini ya Marekani, wakiongozwa na Robin Piercy, walishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuichimba. Ilikuwa ndiyo kazi kubwa ya kwanza ya aina yake katika pwani hii, na vitu vilivyotoka humo vimo Fort Jesus hadi leo.

Katika maji ya joto, mbao zilizoachwa wazi hutobolewa na viumbe wa baharini mpaka ziishe. Zilizofunikwa na tope hubaki. Kwa hiyo meli ya mbao yenye umri wa karne tatu haitupi kivuli cha omo wala mlingoti. Sauti hukuta kichuguu cha mawe ya kusawazishia meli, labda na mizinga juu yake. Anayetafuta umbo la meli atapita juu ya kichuguu hicho bila kukitambua. Mvuvi wa Mji wa Kale, ambaye nyavu zake zimenasa pale pale kwa miaka, atakitambua. Ni jambo la kusikitisha kwamba maarifa ya wavuvi, yanayorithiwa baba kwa mwana kuanzia Vanga hadi Kiunga, bado hayajakusanywa kwa mpango na kuwekwa kwenye ramani kabla wazee wenyewe hawajaondoka.

5. Karatasi hutangulia meli, na picha hulinda kilichopatikana

Mfano wa hilo uko Australia. Tarehe 19 Novemba 1941 manowari ya nchi hiyo, Sydney, ilipigana na meli ya Kijerumani Kormoran mbali na pwani ya magharibi ya Australia. Zote mbili zilizama. Watu wote 645 wa Sydney walikufa. Wajerumani zaidi ya 300 waliokoka na kueleza yaliyotokea. Kwa miongo mingi Waaustralia wengi walikataa kuamini maneno ya adui. Mwezi Machi 2008 mtafutaji wa meli zilizozama David Mearns na wenzake, waliorudi kwenye maelezo hayo hayo ya mateka na kuyapima moja moja, waliikuta Kormoran kwa sona ya kuburutwa, kwenye kina cha karibu mita 2,500. Siku chache baadaye wakaikuta Sydney. Omo yake ilikuwa imetengana na mwili, kama ilivyotarajiwa kwa meli iliyopigwa topedo mahali walipopataja Wajerumani. Sauti iliwapa mashahidi haki yao baada ya miaka 66.

Somo hilo linafaa kwa Khedive Ismail. Nafasi zilizoandikwa mwaka 1944 ziko karibu na nyuzi 1 kaskazini na nyuzi 72 mashariki, lakini mabaharia wa siku zile walijipima kwa jua na nyota, na kosa la kilomita kadhaa lilikuwa la kawaida. Tuseme eneo la kutafutwa ni la kilomita 40 kwa 40. Sona yenye upana wa kilomita moja, ikiburutwa kwa mwendo wa kilomita 3.7 kwa saa, itahitaji kilomita 1,600 za mistari, yaani zaidi ya saa 430 au siku 18 mchana na usiku, bila kuhesabu muda wa kugeuka na wa dhoruba. Kila kitabu cha safari cha meli ya msafara kinachopunguza eneo hilo kwa nusu huokoa siku tisa za meli ya gharama kubwa. Ndiyo maana kazi ya miezi ndani ya hifadhi ya nyaraka hutangulia.

Picha ikishapatikana huwa na kazi nyingine, ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2016 wazamiaji waliokuwa wakijiandaa kwa kumbukumbu ya vita vya Bahari ya Java vya 1942 walirudi kwenye manowari za Kiholanzi De Ruyter na Java. Hazikuwapo. Sona ya miali mingi ilionyesha mabonde yenye umbo la meli mchangani. Chuma chote kilikuwa kimeibwa, na mifupa ya watu pamoja nacho. Asiye na ramani ya awali hana hata namna ya kushtaki. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji unahusu vitu vilivyokaa majini miaka 100 au zaidi. Santo António, Pegasus na Königsberg zimeshapita hapo. Khedive Ismail itafika Februari 2044.

Ya mbele

Mpango wa dunia wa Seabed 2030 unalenga kukamilisha ramani ya sakafu yote ya bahari, na mpaka sasa ni takriban robo tu iliyopimwa kwa viwango vya kisasa. Kenya inashika kipande chake. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ina meli ya utafiti, RV Mtafiti. Bandari ya Mombasa hupima mikondo yake mara kwa mara kwa usalama wa meli. Vyuo vikuu vya Nairobi hufundisha upimaji na jiografia ya setilaiti. Vipimo vinavyokusanywa kwa ajili ya kuchimba mikondo vinaweza kusomwa mara ya pili na mwanaakiolojia kabla havijafungiwa kabatini, na hilo halihitaji kununua kifaa chochote kipya.

Hatua za mwanzo, basi, zinajulikana. Huko Mombasa, mahali pa Santo António panahitaji kupimwa upya kwa sona ya miali mingi na ya tabaka, ili ijulikane ni kiasi gani cha meli kimebaki chini ya tope tangu 1980 na kama mawimbi ya meli kubwa za sasa yanakidhuru. Rufiji ni ya wenzetu wa Tanzania, na ushirikiano wa taasisi za nchi mbili ungefaa kuanza na kipima sumaku. Kwa Khedive Ismail, kazi ya awali iko hapa mjini: kulinganisha majina ya Barabara ya Ngong na majalada ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, wilaya kwa wilaya, ili familia zijulishwe kabla meli yoyote haijakodishwa. Maldivi lazima ishirikishwe tangu siku ya kwanza, kwani bahari hiyo iko jirani na visiwa vyake. Misri, Uingereza na Japani nazo zina haki ya kuulizwa, kila moja kwa sababu yake.

Mwanafunzi mwenye miaka 20 ukumbini hapa atakuwa hajafikisha 40 meli hiyo itakapotimiza karne. Kozi za upimaji wa bahari, za akiolojia ya majini na za utunzaji wa nyaraka zinawahitaji watu watakaosoma zote tatu pamoja, na fomu za kujiandikisha na kikundi cha kusoma majalada ziko mezani karibu na mlango. Kikao sasa kiko wazi kwa maswali, na maofisa wa upimaji waliotoka Mombasa wameombwa kuanza na lile la gharama.